Jumamosi ya Taifa, Jumapili ya Jirani



Nataka kukusimulia habari ya siku mbili: Jumamosi tarehe 2 na Jumapili tarehe 3 Agosti, mwaka 2025. Siku hizo sikwenda shambani, wala sikujaza taarifa za ofisi. Nilitazama mpira wa mataifa. Kama wewe si mpenzi wa mpira, usifunge kitabu. Habari hii ina mpira ndani yake, lakini watu ni wengi kuliko mpira.

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima katika Mkoa wa Tabora. Kazi yangu ni kuzunguka vijijini kwa pikipiki, kuyaona madarasa ya kisomo na kuwasaidia walimu. Kijiji ninachokusimulia kiko kando ya njia ya zamani ya misafara. Ni njia ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa kwetu Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Miembe mikubwa ingali imesimama pale. Wazee husema iliota kutokana na kokwa walizotupa wapagazi. Chini ya mwembe mmoja wapo ndipo darasa letu la kisomo lilipo. Na hatua mia hivi kutoka darasani lipo banda la kutazamia mpira, lile ambalo vijana huliita kibanda umiza. Ukikaa ndani saa mbili juu ya benchi lisilo na mgongo, utajua kwa nini linaitwa hivyo.

Kwanza tuelewane, yalikuwa mashindano gani? Yaliitwa CHAN. Yalikuwa mashindano ya mataifa ya Afrika, lakini yalikuwa na sharti lake. Ilikuwa lazima mchezaji awe anacheza ligi ya nchi yake mwenyewe. Aliyecheza ng'ambo hakuruhusiwa. Kwa hiyo Mbwana Samatta, aliyekuwa akicheza Ulaya, hakuwamo. Wako watu bandani waliolalamika juu ya jambo hili. Walisema timu bila Samatta ni ugali bila mboga. Mimi sikukubaliana nao. Mimi napenda sharti hilo. Wachezaji wale ndio tunaowasikia redioni kila wiki. Wengine wamekuja kucheza hapa hapa Tabora, katika uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, na sisi tukawaona kwa macho yetu. Mchezaji uliyemwona akinunua maji dukani, ukimwona amevaa jezi ya taifa, moyo unakwenda mbio zaidi.

CHAN ilianza mwaka 2009. Ile ya mwaka 2025 ilikuwa na timu 19, na iliandaliwa na nchi tatu kwa pamoja: Kenya, Tanzania na Uganda. Michezo ilichezwa Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar na Kampala. Hapo kabla mashindano haya hayakuwahi kuandaliwa na nchi tatu. Kenya walikuwa wamepewa kuyaandaa peke yao mwaka 2018, lakini viwanja havikuwa tayari, wakanyang'anywa, wakapewa Morocco. Safari hii nchi tatu zilishikana mikono, na shughuli ikafanyika.

Wako watu wanaouliza, kwa nini mtu mzima mwenye watoto na madeni atetemeke kwa ajili ya vijana kumi na mmoja asiowajua? Nami najiuliza. Lakini ugonjwa huu si wetu peke yetu. Wenzetu wa mchezo wa tenisi wana Kombe la Davis, lililoanza mwaka 1900 kwa Marekani kupambana na Uingereza. Tenisi ni mchezo wa mtu mmoja na mwenzake mmoja, au wawili kwa wawili. Mtu akishinda, kwa kawaida ushindi ni wake. Lakini katika Kombe la Davis pointi huhesabiwa kwa nchi. Basi watu wazima waliokaa kimya mwaka mzima, siku hiyo hupiga ngoma na kupaka nyuso rangi. Jina la nchi likiandikwa juu ya ubao wa magoli, mtazamaji naye anakuwa mchezaji.

Sasa twende bandani.

Jumamosi mchezo wa ufunguzi ulikuwa wetu, Tanzania na Burkina Faso, katika uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Ulipangwa kuanza saa 2 usiku. Saa 12 jioni banda lilikwisha jaa. Kiingilio kilikuwa shilingi 500. Wanawake wawili walikaa mlangoni, mmoja anauza karanga, mwingine anauza michembe. Televisheni ni moja, inatumia betri ya umeme wa jua. Kwa siku za kawaida banda hili lina pande mbili, kama nchi iliyogawanyika. Kushoto wanakaa watu wa Simba, kulia watu wa Yanga. Ukikosea benchi utasikia maneno. Jumamosi ile pande hizo zilivunjika. Timu ya taifa ina watu wa Simba, wa Yanga, wa Azam na wa klabu nyingine. Kwa hiyo nilimwona mtu wa Simba amekaa na mtu wa Yanga, wanakula michembe katika karatasi moja. Jambo hilo si dogo kijijini.

Mbele kabisa alikaa mama mmoja wa darasa letu. Umri wake umepita miaka sitini. Alijiunga na kisomo mwaka mmoja kabla ya hapo, kwa sababu, alisema, amechoka kuweka dole gumba. Picha ilipotokea, juu kwenye kona palikuwa na herufi: TAN, halafu sifuri, halafu sifuri nyingine, halafu BFA. Mama alinyanyua kidole akasoma kwa sauti, "Ta... Tan. Ni sisi!" Kisha akakwama. "Mwalimu, hii BFA inasomekaje? Haina vokali katikati."

Nilimweleza kuwa hilo si neno, ni kifupisho cha Burkina Faso. Akauliza kwa nini wasiandike jina zima. Kijana mmoja akasema, "Mama, wakiandika jina zima utaona mpira saa ngapi?" Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini tangu hapo hakunyamaza. Kila mchezaji aliyegeuza mgongo, mama alijaribu kusoma jina lililoandikwa kwenye jezi. Wengine walimkasirikia. Mimi nilikuwa nikihesabu kimya kimya. Kabla ya mapumziko alisoma majina manne, na jezi hazisimami kukusubiri kama ubao wa darasani.

Ulipopigwa wimbo wa taifa, watu walisimama. Banda ni la chini, warefu waliinama. Karibu yangu alisimama bwana mmoja mkulima wa tumbaku. Aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote, mpaka vijana wakageuka kumtazama. Nilimjua bwana huyu. Mwaka 1972 yalipotokea mauaji Burundi, wazazi wake walimbeba mgongoni wakakimbilia Tanzania. Walipewa mahali pa kukaa Ulyankulu, katika mkoa wetu huu. Akakulia pale, akaoa pale, akapata watoto pale, naye bado anaitwa mkimbizi. Wakimbizi kama yeye, pamoja na watoto wao, zaidi ya watu 160,000, walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na kuanzia mwaka 2014 wakapewa vyeti vyao vya uraia. Aliwahi kunionyesha cheti chake. Amekitia ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya sanduku la bati. Basi alipokuwa akiimba nilikumbuka sanduku lile.

Mchezo wenyewe ulianza kwa hofu. Nitakwambia kweli, dakika 30 za kwanza sikuona raha. Burkina Faso ni watu wenye nguvu, na vijana wetu walikuwa wanacheza kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Pembeni yangu mtu alikuwa akitoa amri kwa mchezaji aliye umbali wa kilomita zaidi ya 800: "Toa mpira! Toa, nakwambia!" Hapo karibu na mapumziko tukapata penalti. Abdul Sopu akaenda kuipiga. Banda lilinyamaza, nikasikia mbwa akibweka kijiji cha pili. Sopu akafunga. Sijui nani alinikumbatia. Nilipotazama chini, karanga zangu zote zilikuwa mavumbini.

Kipindi cha pili ndipo shida ilipotokea. Saa ya mchezo ilipopita dakika 60, televisheni ikazimika. Betri ilikuwa imechoka. Watu wakapiga kelele, wengine wakadai kiingilio chao. Mwenye banda akatoka mbio kwenda kuazima betri ya lori. Katika giza lile mzee mmoja alikohoa, akafungua koti lake, akatoa redio ndogo. Akaifungua, akaiweka juu ya meza. Watu wote wakainama kuizunguka kama watu wanaoota moto.

Mzee huyu nitamwita Mzee wa Redio, maana kijijini wanamwita hivyo pia. Umri wake ni kama miaka themanini. Aliniambia kuwa kwake yeye huo ndio mpira wa kweli, mpira wa masikio. Mwaka 1979 alisikia redioni jinsi Peter Tino alivyofunga Ndola, tukatoka sare ya 1–1 na Zambia. Dar es Salaam tulikwisha washinda 1–0, kwa hiyo tukaingia Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Mwaka 1980 kule Lagos tulifungwa na Nigeria 3–1, tukafungwa na Misri 2–1, tukatoka sare na Ivory Coast 1–1. Mzee anayajua magoli hayo kwa kichwa, pamoja na jina la Thuwein aliyetufungia. Baada ya hapo tulikaa miaka 39 bila kurudi, mpaka mwaka 2019. Mzee alisubiri miaka yote hiyo, akibadilisha betri za redio.

Basi goli la pili hatukuliona. Tulilisikia. Dakika ya 71 mtangazaji alianza kupandisha sauti, Mzee wa Redio akainua mkono kututuliza, halafu mkono ule ule ukapiga meza: "Mohamed Hussein! Mbili!" Mohamed Hussein ni beki wa kushoto, kazi yake ni kuzuia. Watu wa Simba walilia kwa furaha maana alicheza kwao miaka mingi. Watu wa Yanga nao walipokea pongezi, maana msimu huo alikuwa amehamia kwao. Mimi naona hakuna goli lililogawanywa kwa haki kama lile.

Picha ilirudi mchezo ukiwa unaelekea kumalizika. Tulishinda 2–0. Watu hawakutaka kwenda kulala. Walisimama barabarani, katika njia ile ile ya misafara, wakazungumza mpaka mwezi ukashuka.

Nikiwa natembea kurudi nilikolala, niliwaza juu ya njia ile. Mwaka 1857 wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, walitoka pwani mwezi Juni, wakafika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba. Habari ya pwani ilitembea kwa miguu ya Wanyamwezi, na ilipofika hapa ilikuwa na umri wa miezi. Mtu angeweza kufa Bagamoyo, na ndugu zake Unyanyembe wakaendelea kumtilia akiba ya chakula msimu mzima. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, habari ikaja kwa siku. Usiku ule goli la Dar es Salaam lilifika kabla mfungaji hajamaliza kushangilia.

Jumapili sasa.

Jumapili saa 9 alasiri walicheza Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika uwanja wa Kasarani, Nairobi. Kwa Kenya ilikuwa mara ya kwanza kabisa kucheza CHAN. Kongo wao walikwisha lichukua kombe hilo mara mbili, mwaka 2009 na mwaka 2016. Watu wengi walidhani Kenya watapata aibu nyumbani kwao.

Mimi nilikwenda na nia ya kuishangilia Kenya. Si kwamba nimesahau. Mwaka 2019 kule Cairo tulicheza na Kenya, tukaongoza mara mbili, nao wakatufunga 3–2. Jeraha hilo bado likiguswa linauma. Lakini safari hii walikuwa waandaaji wenzetu. Ukiwa na shughuli pamoja na jirani, huombi sufuria yake iungue.

Banda lilijaa nusu. Watu wa kanisani walikuja na nguo zao nzuri. Mama wa kisomo alikuwapo, amekaa pale pale mbele. Aliona juu ya kioo herufi KEN, akasoma bila taabu. Upande wa pili palikuwa na COD. Safari hii alinitazama kwa hasira kabisa. Nikamwambia hicho ndicho kifupisho cha Kongo katika mpira. "Kongo inaanza na K," alisema. Nikamweleza kwamba herufi hizo zimetoka katika lugha za kigeni. Hakuridhika, na mimi simlaumu.

Mzee wa Redio aliingia akakaa benchi la pili. Kongo walipopata nafasi ya kwanza ya kufunga, akapiga makofi. Watu wakageuka. Alipopiga makofi mara ya pili, kijana mmoja wa nyuma, yule yule aliyemkumbatia usiku wa jana redioni ilipotangazwa mbili, akasema kwa sauti, "Kumbe Mzee ni Mkongo! Basi nenda kwenu Kongo ukashangilie!"

Wachache walicheka. Kicheko kikafa upesi.

Hapa, ndugu msomaji, lazima nikueleze jambo. Katika mji wa Tabora na vijiji vyake wako watu wengi ambao asili yao ni Manyema, mashariki ya Kongo. Zamani misafara haikubeba pembe za ndovu peke yake. Ilileta na watu. Wengine walikuja kama wapagazi na askari wa matajiri. Wengine wengi waliletwa na minyororo shingoni. Waliobaki hapa walioa hapa, wakazikwa hapa, wajukuu wao wamelima ardhi hii. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyopeleka Kiswahili Kongo, kwa hiyo mpaka leo mtu wa Kindu na mtu wa Tabora wanaweza kuzungumza bila mkalimani. Haya yote kijana yule alikuwa hayajui, au aliyajua lakini siku hiyo hayakumjia.

Mzee hakugeuka nyuma. Alisema akiwa anatazama televisheni. "Babu yangu aliletwa hapa akiwa mtoto. Hakuna aliyemwuliza anataka kwenda wapi. Mimi nimezaliwa hapa, nimelipa kodi hapa, nimezika watoto wawili hapa. Jana nilipiga meza kwa ajili ya Tanzania mpaka mkono ukavimba. Leo Tanzania haichezi. Nikimpigia makofi babu yangu dakika moja, nani nimemwibia?"

Kijana alijibu kuwa ule ulikuwa utani tu. Mzee akasema, "Utani una wenyewe. Wewe mtani wangu kwa lipi?"

Unajua sisi watu wa huku utani tunauheshimu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliofika pwani walitaniana na Wazaramo, na mpaka leo wajukuu wao hutaniana hata msibani. Lakini utani una mipaka yake, na neno "nenda kwenu" haliko ndani ya mipaka hiyo. Watu wa hapa wanalijua vizuri neno hilo. Yule bwana wa tumbaku alikuwa amekaa ukutani. Alisimama, akavua kofia, akasema polepole, "Jana niliimba wimbo wa taifa na mlinitazama. Nilidhani mnanitazama kwa sababu sauti yangu mbaya. Sasa sijui."

Hakuna aliyemjibu. Mpira uliendelea na hakuna aliyeutazama. Hata mwenye banda, ambaye siku zote ana maneno, alishika waya wa betri kama mtu anayeutengeneza, na waya haukuwa na kasoro.

Wakati huo huo, zikiwa zimebaki dakika chache kabla ya mapumziko, Austin Odhiambo wa Kenya akafunga. Kwa siku nyingine ningeruka. Sikuruka. Tulipiga makofi kama watu walio kwenye mkutano wa kijiji. Kijana yule akatoka nje.

Wakati wa mapumziko watu walibishana, na ubishi ulikuwa mzuri kuliko mchezo. Mmoja alisema mtu hawezi kuwa na timu mbili, kama asivyoweza kuwa na mama wawili. Mama wa michembe akamjibu toka mlangoni kwamba yeye alilelewa na mama wawili, na wote aliwazika kwa heshima. Mwingine akauliza: je, ingekuwa Tanzania na Kongo, Mzee angemshangilia nani? Hilo ni swali zuri, na Mzee mwenyewe alilijibu. Alisema, "Tanzania. Lakini Kongo wakifungwa tano ningezima redio mapema."

Mimi niliulizwa, kwa kuwa ni mwalimu. Nilisema ninavyoamini. Cheti cha uraia, au kaburi la baba yako, ndicho kinachosema wewe ni wa wapi. Makofi hayasemi hivyo. Tena nikauliza: vijana wangapi wa banda hili wamevaa fulana za Arsenal na Manchester United? Nani amewaambia waende kwao London? Swali hilo liliwachekesha watu, lakini bwana mmoja alisema si sawa, maana hakuna mtu bandani aliye na babu London. Nikaona ana hoja. Kupenda timu ya mbali ni mchezo tu. Timu ya asili yako ni jambo jingine, na ndiyo maana neno la kijana liliuma. Na mimi ndivyo nilivyoona, kwamba kwa sababu hiyo hasa alipaswa kulizuia.

Kipindi cha pili Kongo walishambulia sana, Kenya wakajilinda. Mzee alipiga makofi alipopenda. Bwana wa tumbaku alihama ukutani akaenda kukaa karibu naye, ingawa yeye alikuwa upande wa Kenya. Kijana alirudi kimya, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Mchezo ulikwisha 1–0. Kenya wameshinda. Mzee alisimama, akafunga koti, akasema, "Wamecheza vizuri majirani," akatoka. Alipita mbele ya kijana. Kijana akasema, "Shikamoo, Mzee." Mzee akaitikia marahaba, maana shikamoo haikataliwi. Hakusema zaidi. Hawakupeana mkono. Mimi niliyaona hayo na sitakudanganya kwamba niliona zaidi ya hayo.

Yaliyofuata nitayasema kwa kifupi. Jumatatu Uganda walifungwa 3–0 na Algeria, lakini baadaye walijirekebisha. Jumatano tarehe 6 tuliifunga Mauritania 1–0, Shomari Kapombe akifunga dakika ya 89. Jumamosi tarehe 9 tuliifunga Madagascar 2–1, magoli yote mawili ya Clement Mzize. Kenya nao wakawafunga Morocco 1–0, huku wakiwa wachezaji kumi uwanjani. Nchi zote tatu zilizoandaa zikafika robo fainali. Na zote tatu zikatolewa hapo hapo, katika siku mbili. Ijumaa tarehe 22 Kenya walitolewa na Madagascar kwa penalti, na usiku huo sisi tukafungwa 1–0 na Morocco. Jumamosi Uganda wakafungwa 1–0 na Senegal. Morocco ndio waliolichukua kombe, Nairobi, kwa kuwafunga Madagascar 3–2. Na Januari 2026, katika Kombe la Mataifa ya Afrika kwao Morocco, walitutoa tena, tena kwa 1–0. Hawa watu wa Morocco nawaheshimu, lakini siwapendi.

Usiku ule wa tarehe 22 nilikuwa bandani. Mzee wa Redio alikuja na redio yake, kwa tahadhari ya betri. Kijana yule alikuwapo pia. Mwamuzi alipopuliza filimbi ya mwisho, sote tulikaa tu. Mama wa kisomo alisoma kwa sauti yaliyobaki juu ya kioo, "Tan, sifuri. Mar, moja." Mtu akamwambia, "Mama, hilo usisome." Akajibu kwamba amechelewa miaka sitini kujua kusoma, sasa atasoma na yaliyo mabaya.

Kombe kubwa la Mataifa ya Afrika limepangwa kufanyika mwaka 2027 katika nchi hizi hizi tatu, Kenya, Tanzania na Uganda. Mwenye banda amekwisha sikia habari hiyo. Anadunduliza fedha za kununua betri ya pili. Mama wa michembe amemwambia aongeze na mabenchi yenye migongo. Kiingilio, amesema, kitabaki shilingi 500.